Kibuyu Mbele ya Kamati

Tarehe 12 Juni mwaka huu, asubuhi, Dafroza alifariki katika wodi ya wanawake hapa Mpanda, na mimi nikampoteza mtu niliyelala naye kitanda kimoja mwaka mzima tukiwa wasichana. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini Sibwesa nije nimuuguze. Tumbo lilikuwa limejaa maji, mikono imebaki mifupa, macho ya manjano. Mimi ni muuguzi wa zahanati, nilijua ninachokiona, kwa hiyo sikumsumbua daktari kwa maswali. Nilimkata kucha, nikampaka mafuta miguuni, akasema mikono yangu ni ya baridi kama chura. Baada ya hapo hakusema tena neno lenye maana. Msibani wanawake walikuwa wanamenya mihogo nyuma ya nyumba, mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Pombe imemla mtoto wa watu." Mwenzake akamjibu, "Alijitakia. Nani alimfunga kamba akampeleka kilabuni?" Mimi nikaendelea kumenya. Nimeishia kidato cha nne na cheti cha uuguzi, sina ufasaha wa kubishana na watu msibani. Lakini swali lile limekaa na mimi tangu siku hiyo, na kila nikijaribu kulijibu narudi kwenye mwaka ule mmoja tuliokuwa chuoni, wakati Mpanda bado iko mkoa wa Rukwa.

Chuo kilikuwa kidogo na mabweni yake yaliwatosha wa mwaka wa pili tu. Sisi wa mwaka wa kwanza tulipanga mitaani. Nilikutana na Dafroza siku ya kuripoti, Oktoba, kwenye foleni ya sare, tukakubaliana kupanga pamoja kabla sijajua hata anatokea wapi. Chumba tulikipata ng'ambo ya reli kwa Mama Kashindye, mjane wa Kikonongo kutoka Inyonga. Kilikuwa na bati bila dari, dirisha moja la mbao, na ukuta tuliobandika magazeti ili chokaa isitupake nguo. Mvua ikinyesha hatusikilizani, basi tunakaa kitandani tunaangaliana na kucheka mpaka ikatike. Tulipikia mlangoni kwa jiko la mkaa. Dafroza alikuwa akiletewa migebuka mikavu kutoka kwao Karema, ikining'inia juu ya kitanda chetu ndani ya gunia, na hadi leo nikisikia harufu ya samaki mkavu nauona ule ukuta wa magazeti. Masika Mama Kashindye alituletea uyoga wa porini. Hakupenda tule peke yetu. "Nyie watoto mnakula kama wafungwa," anasema. "Leteni sahani hapa. Chumba nimewapangisha, tumbo sijawapangisha."

Mama Kashindye alikuwa anapika wanzuki, pombe ya asali. Asali ililetwa na ndugu zake kutoka Inyonga kwa basi, na kule nyuma ya nyumba alikuwa na kibanda cha nyasi ambako wazee wa mtaa na wapasua mbao walikaa kwenye magogo jioni wakinywa taratibu. Wanafunzi hakuwauzia. Nilimsikia kwa masikio yangu akimfukuza kijana wa mwaka wa pili aliyekuja na chupa ya maji ajaziwe. "Rudi ukasome. Mama yako anauza mahindi, wewe unataka kunywa mahindi ya mama yako." Sisi wenyewe alitwambia siku ya kwanza kwamba mkono utakaogusa madumu yake utapakia mizigo siku hiyo hiyo. Mimi sikuwa na shida, nilikuwa mlokole na mpaka leo sijawahi kuonja pombe. Dafroza alikuwa Mkatoliki, baba yake katekista mkali sana. Naye sikumwona akinywa. Nasema hivi kwa sababu watu wanadhani alikuja chuoni ameshazoea. Sivyo.

Kulikuwa na jambo moja pale nyumbani ambalo lazima nilieleze. Kwao Mama Kashindye pombe haipokelewi na wageni mpaka mtu wa nyumba aionje mbele yao. Anaonja mwenyewe aliyepika, kisha anamwonjesha mtoto wake, wageni wanaona wote wawili wapo hai, ndipo kikombe kinazunguka. Maana yake hakuna sumu na hakuna kinyongo. Mtoto akikataa kuonja ni kama amesema mbele za watu kwamba mama yake ni mchawi. Watoto wa Mama Kashindye walikuwa mbali, wengine kwenye tumbaku, mmoja machimboni. Siku za kawaida alionja peke yake na hakuna aliyelalamika.

Sasa niseme na la chuo, nisikionee. Desemba, siku chache kabla ya likizo, wanafunzi wawili walitoka kilabuni kwa pikipiki wakaingia chini ya lori la mbao lililoegeshwa bila taa. Mmoja, Yohana, alikufa palepale. Mshauri wa wanafunzi, tuliyemwita Madamu tu, ndiye aliyempeleka kwao Mishamo nyuma ya pikapu ya chuo. Tulisikia kwa dereva kwamba mama wa Yohana hakulia. Alimwuliza Madamu, "Nilikukabidhi mtu, wewe unanirudishia mzigo?" Madamu aliporudi alikuwa amebadilika hata anavyotembea. Januari alisimama paredini akatutangazia kwamba mwanafunzi atakayekutwa na pombe, awe ndani awe nje, atasimamishwa masomo. "Mkitoka getini hamjatoka chuoni," alisema. "Mkilala uswahilini, chuo kinalala na nyie." Tulipiga makofi. Nilipiga kwa moyo wangu wote, maana Yohana alikuwa anakaa dawati la mbele yangu, na kofia yake ilibaki ikining'inia kwenye msumari darasani na hakuna aliyethubutu kuitoa.

Februari Mama Kashindye alimaliza msiba wa kaka yake. Wazee walikuja kutoka Inyonga, wanaume na wanawake, wakajaa uani. Tulikuwa tumetoka darasani, mvua imetunyeshea, Dafroza amevaa sweta la chuo kwa sababu ya baridi. Kibuyu kikubwa kilitolewa. Mama Kashindye akaonja. Mzee mmoja mwenye fimbo akauliza kwa utaratibu kabisa, "Na mtoto wa nyumba yuko wapi?" Mama Kashindye akatazama huku na huku, akatuona mlangoni kwetu tunapepeta mchele. Akanitazama mimi kwanza. Mzee mwingine akacheka, "Huyo mlokole mwacheni, ataombea kikombe kikauke." Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Basi kikombe kikaenda kwa Dafroza. Alijifuta mikono kwenye sketi, akapiga goti, akapokea kwa mikono miwili, akaonja. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Mama mmoja akasema, "Kumbe Kashindye ana dada na hatukuambiwa." Dafroza alirudi kwenye mchele anatabasamu, masikio yamemwiva. Nadhani alifurahi kuitwa mtoto wa mtu. Katikati ya hayo mwalimu wetu mmoja kijana alikuwa anapita njiani na pikipiki, akasimama, akaangalia lile sweta, akaondoka.

Wiki iliyofuata Dafroza aliitwa kwenye kamati ya nidhamu na kuambiwa aje na mzazi. Kwao hakuthubutu kupeleka habari. "Baba akisikia tu neno pombe," aliniambia, "hatauliza kiasi gani. Atakuwa ameshanizika." Tulikuwa tunakula uani. Mama Kashindye alisikia, akaweka tonge chini. "Kwani mimi ni nani? Hakuonja cha kwangu? Nitakwenda mimi, nikawaombe wakubwa zenu. Kosa limetoka nyumbani kwangu, litaombwa na mwenye nyumba." Tulipumua. Nakumbuka tulilala vizuri siku hiyo.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha mazoezi, kwa kuwa ofisi zilikuwa zinapakwa rangi. Kulikuwa na kitanda cha wodi chenye mwanasesere mkubwa wa plastiki tuliyemtumia kujifunza kuosha mgonjwa, amefunikwa shuka hadi kidevuni, na wajumbe walipanga viti kumzunguka kama wamekuja kumjulia hali. Dafroza aliingizwa ndani. Mimi niliandikwa shahidi, nikakalishwa kwenye benchi nje, chini ya dirisha. Joto lilikuwa kali, dirisha na mlango vyote wazi. Nilisikia kila kitu, na ndani sikuitwa kamwe. Nilimsikia Mwalimu Lusambo, mzee wetu wa somo la usafi wa mazingira, mwenyewe Mkonongo, akisema, "Mtoto ameonja, hakulewa. Ni kosa la kwanza. Mpeni onyo." Yule mwalimu kijana akasema, "Mzee, kuonja na kunywa vinatofautiana kwa kikombe tu." Wakacheka kidogo. Kisha Madamu, aliyekuwa mwenyekiti, polepole, "Mimi pia sitaki kumpoteza huyu, ana akili. Tumsikilize mlezi wake. Akituhakikishia, tutampa onyo tumalize." Niliinama nikashukuru Mungu. Nilijua limekwisha.

Mama Kashindye akafika amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya kufunika, kichwani kitu kimefungwa kwa kanga mpya. Alinisalimia kwa haraka, "Hujambo mwanangu, wamo?" na kabla sijajibu vizuri akaitwa. Akaingia. Nilisikia kiti kikisogezwa, nikasikia Madamu akimkaribisha kwa heshima, "Shikamoo mama. Karibu ukae." Mama Kashindye hakukaa. Nilinyanyuka nikachungulia. Alikuwa amepiga magoti karibu na kile kitanda, anafungua kanga, na kilichotoka ndani kilikuwa kibuyu.

"Mama, hiyo ni nini?" Madamu aliuliza.

"Ya asali tupu, sijatia sukari. Nimewachujia wakubwa." Alikuwa anasema huku anamimina. "Kwetu kesi haiombwi mikono mitupu. Mtoto amekosa, mama anakuja na kibuyu, wazee wanakunywa, maneno yanakwisha. Nimekuja kuomba."

Harufu ya asali na uchachu ikanifikia pale dirishani. Yule mwalimu kijana alikuwa ameziba mdomo kwa karatasi, mabega yanacheza. Madamu hakucheka. Mama Kashindye akaonja, akajifuta midomo, akageuka na kumnyooshea Dafroza kikombe. "Onja, mwanangu, wakubwa waone hakuna neno."

Mwalimu Lusambo alisimama nusu. "Mwenyekiti, samahani. Huyu mama hakuja kutudharau. Kwa sisi Wakonongo hii ndiyo..."

"Mwalimu, hapa si kwa Wakonongo. Hapa ni chuo," Madamu akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa imechoka. "Dafroza, weka hicho kikombe chini."

Kikombe kilikuwa tayari mikononi mwake. Nilimwona uso vizuri, alikuwa ananielekea. Alimtazama Madamu, kisha akamtazama Mama Kashindye pale sakafuni, ambaye bado alikuwa anasubiri kwa uso wa kawaida kabisa, kama mtu anayesubiri kurudishiwa sahani. Nimejiuliza mara nyingi ningefanya nini. Mimi nilikuwa na wokovu wangu, ningejificha humo na hakuna ambaye angeniuliza. Yeye hakuwa na pa kujificha. Akikiweka chini angebaki chuoni, na mwanamke aliyemlisha tangu Oktoba angetoka pale amekataliwa na mtoto wake mbele ya watu. Alionja. Halikuwa funda kubwa. Kisha akakirudisha kwa mikono miwili na kusema, "Asante mama."

Mwalimu Lusambo akakaa. Madamu akamwangalia yule mwanasesere wa kitandani, halafu akasema, "Amekunywa mbele ya kamati. Nitawaeleza nini wengine?" Dafroza alisimamishwa hadi mwaka mpya wa masomo, Oktoba, aje na mzazi na kuanza upya mwaka wa kwanza.

Tulirudi watatu kwa miguu, Mama Kashindye kibuyu kichwani, kimejaa karibu kama kilivyokwenda. Tulipovuka reli akauliza, "Hawakupokea. Au kilikuwa kidogo?" Dafroza akamjibu, "Ndiyo mama, kilikuwa kidogo. Walikuwa watu wengi." Mama Kashindye akatikisa kichwa, akasema angejua angebeba dumu. Hatukumweleza, siku ile wala baadaye.

Kamati ilikuwa na kazi ya kumtoa, ikamtoa. Aende wapi, akakae na nani, hilo halikuwa swali lao, na kusema kweli sisi wenyewe hatukuliuliza. Kwao hakuweza kwenda. Akabaki pale pale, kwenye kile kile chumba, na kwa kuwa asingeweza kukaa bure akaanza kumsaidia Mama Kashindye kazi. Kuchuja wanzuki ni kazi ya ulimi. Unaonja maji ya asali kabla hayajalala, unaonja yakiamka na kuanza kuchacha, unaonja kama yamekomaa, na akija mteja mgeni unaonja tena mbele yake. Sasa mtoto wa nyumba alikuwepo, na wateja wakapenda aonje yeye. Walimwita Nesi. "Nesi, njoo utupime presha." "Nesi, onja basi, au unataka tufe ukatuoshe?" Naye aliwajibu vizuri, alikuwa na mdomo. "Nyie hata mkifa hamuoshwi, mtaloweshwa kwanza." Wanacheka, anaonja, wanakunywa.

Mwanzoni kila nikirudi aliniuliza, "Leo mmesoma nini?" Namweleza tukiwa tunakula, yeye anarudia majina ya dawa huku anachambua dagaa, na kuyakumbuka kuliko mimi. Aprili aliuliza hivyo. Mei pia. Kufikia kiangazi alikuwa ananiuliza tu kama nimekula. Usiku nilikuwa nasikia pumzi yake tamu ya asali karibu na uso wangu, nikadhani ni harufu ya kazi, kama mimi nilivyonuka dawa za kuoshea sakafu. Mama Kashindye aliona kabla yangu. Nilimsikia asubuhi moja akimwambia, "Mwanangu, kuonja ni ulimi. Wewe siku hizi unaonja kwa koo." Dafroza akasema, "Nimesikia mama." Na nadhani alikuwa amesikia kweli.

Madamu alistaafu zamani. Nilikutana naye soko la Mpanda miaka michache iliyopita, anachagua karanga, nikamsalimia na kumwambia Dafroza anaumwa. Alimkumbuka mara moja. Alisimama na zile karanga mkononi, akasema, "Nilikuwa namfikiria mama wa Yohana. Kila nilichoamua mwaka ule nilikuwa namfikiria yule mama. Na hakufa mwanafunzi mwingine barabarani mpaka natoka pale." Ni kweli, hakufa mwingine. Yupo hata kijana mmoja, Frenki, aliyesimamishwa mwezi ule ule aliosimamishwa Dafroza, baada ya kukutwa kilabuni amelewa hajitambui. Wazazi wake walikuja kumchukua, wakakaa naye, akarudi, na leo ni tabibu mzuri. Kwa hiyo siwezi kusimama mahali nikasema chuo kilimuua Dafroza, wala Mama Kashindye, aliyetangulia kabla yake, na wala siwezi kusema alijitakia. Ninachoweza kusema ni kwamba mwaka ule watu wote walikuwa wanamlinda mtu fulani. Madamu alikuwa anawalinda wale ambao bado hawajafa, na Dafroza alikuwa anailinda heshima ya mama mmoja aliyepiga magoti. Yeye mwenyewe sikumbuki nani alikuwa anamlinda.

Oktoba ya mwaka ule ikafika. Baba yake Dafroza hakuwa anajua lolote, lakini Mwalimu Lusambo alituma neno kupitia kwangu kwamba aje hivyo hivyo, yeye atasimama kama mzazi. Tulinyoosha sare yake kwa pasi ya mkaa jioni, tukaipima, ilikuwa imempwaya kiunoni, nikaikunja kwa pini. Asubuhi tulikunywa uji pamoja. Mama Kashindye alikuwa anaumwa mgongo, hajatoka ndani, na nyuma ya nyumba kulikuwa na pombe iliyokomaa na wapasua mbao waliokuwa wanasafiri, wamekuja mapema kujaziwa. Walikuwa wanaita. Dafroza alijifunga kanga juu ya blauzi nyeupe asiichafue, akasema, "Wewe nenda, nitakukuta huko. Nawachujia hawa tu." Nilisimama kidogo mlangoni. Alikuwa ameinama, mkono mmoja umeshika chujio, na mteja mmoja alikuwa anasema, "Nesi leo ameolewa, tazama alivyovaa." Akawaambia wanyamaze.

Paredini waliokuwa wamesimamishwa waliitwa watoke mbele ya wote. Frenki akatoka, amenyolewa upara, mama yake nyuma yake. Likaitwa jina la Dafroza. Mwalimu Lusambo alikuwa amesimama pembeni amevaa koti, siku hiyo ya joto, akawa anaangalia getini. Jina likaitwa tena. Nami nikageuka kuangalia getini. Mlinzi alikuwa anafagia majani. Madamu alisubiri, akasubiri tena zaidi ya alivyozoea kumsubiri mtu, kisha akasema tuingie madarasani.